Vidukari wa Mlimau wa Bibi

Mwezi uliopita nilitumwa bafta ya sanda. Mama mdogo Zuhura alikuwa amefariki alfajiri, na katika kugawana shughuli za msiba mimi nikaangukiwa na zamu ya dukani. Muuzaji, kijana mpole, alipima kitambaa, akakigusa kwa mkasi kidogo pembeni, kisha akakishika kwa mikono miwili na kukichana. Ile sauti, pamoja na ile harufu ya wanga ya bafta mpya, vilinipiga kifuani nikarudi kinyumenyume mpaka nikagonga gunia la sukari. Kijana alidhani ni uchungu wa msiba, akaniletea kiti. Nikakaa. Ningeanzia wapi kumweleza habari za chawa wa miti?

Mimi tangu utoto ni mtu wa kushtuka. Sahani ikianguka jikoni, mimi ndiye ninayepiga kelele wakati aliyeiangusha katulia. Watoto wangu wananicheka. Hawajui kwamba kushtuka kwenyewe nilikupata kwa siku moja, kule Chanika, nikiwa bado nina mapengo mdomoni.

Nililelewa na Bibi mzaa mama. Wazazi wangu walikuwa Temeke wakihangaika na maisha, na mimi nilipelekwa Chanika nikakae kwa muda, muda wenyewe ukawa utoto mzima. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalianza kujaa tena. Sabuni za kunukia zilirudi, mitumba ikaingia kwa marobota, na watu wazima walikuwa wakisimama mbele ya rafu wakitazama tu, kama wameonyeshwa bibi harusi. Bibi hakuamini. Alikuwa amezoea miaka ya foleni, na kila kitu kizuri alichokipata katika miaka ile alikificha ndani ya sanduku lake la bati lenye maua mekundu, chini ya kitanda.

Humo ndimo ilimokuwa sanda yake. Wazee wengi wa kwetu walikuwa na desturi hiyo ya kujiwekea nguo ya safari mapema, wasije wakawapa watu taabu. Bibi aliipata ya kwake kwa kupanga foleni kwenye duka la ushirika, siku ambayo hata kaniki ilikuwa haionekani. Kila mwaka mwezi wa Shaabani aliitoa, akaianika juu ya mkeka, akaifukiza udi, akaweka karafuu katikati ya mikunjo na kuirudisha. Mimi nilikuwa nikikaa pembeni kufukuza kuku. Bibi alinipa onyo moja tu, nalo alilirudia kila mwaka. "Sanduku hili ukiliona liko wazi na si Shaabani, mwanangu, ujue mie nimeshakwenda." Nililiogopa lile sanduku kuliko mbwa wa jirani.

Sasa, mama mdogo Zuhura. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Bibi, na alikuwa amemaliza chuo cha kilimo mwaka ambao serikali ilisimamisha kuajiri. Alirudi nyumbani na cheti, na buti, na hasira. Alikaa miezi akipalilia mihogo ya Bibi kwa kisirani, mpaka wakaja watafiti fulani waliotaka kujua ni vidukari wa aina gani wanaokaa kwenye msitu wa hifadhi ulio nyuma yetu, na kila aina inakula mmea upi. Wakampa kazi hiyo kwa msimu mmoja, kwa makubaliano kwamba wakirudi awaonyeshe mimea ileile. Bibi alipoelezwa vidukari ni nini alishika kiuno.

"Si ndio hawa chawa wanaomaliza kunde zangu?"

"Ndio hao, mama."

"Sasa wewe unalipwa ili uwaue?"

"Nalipwa ili niwajue."

Mtaa mzima ulishtuka. Mama Tabu, jirani yetu ambaye hakuwa na siri wala sauti ya chini, alisema pale kisimani kwamba kusoma kote kule, binti wa watu kaishia kupekua chawa wa miti. Mama mdogo alisikia. Alifunga kamba za buti zake, akaninyanyua mimi kwa mkono, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, akaenda nami msituni.

Nilipenda kazi ile mpaka leo nashindwa kueleza. Unatembea pole pole, hutazami juu wala chini, unatazama ncha changa za matawi. Ukiona sisimizi wanapanda shina kwa foleni, unawafuata, maana sisimizi ni wafugaji. Juu huko wana wanyama wao. Unalipindua jani, nao wapo, wamebanana kwenye mshipa kama ufuta uliomwagika, wengine kijani, wengine weusi, kila mmoja kainamisha kichwa ananyonya. Majani ya chini yananata asali yao wanayoidondosha, na pale asali ilipokaa siku nyingi panaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Mama mdogo alilowesha ncha ya brashi kwa spiriti, akawagusa, akawashusha ndani ya vichupa vilivyokuwa vya dawa ya sindano. Tawi lenyewe tulilibana katikati ya magazeti ya zamani, na magazeti tukayalaza chini ya godoro la Bibi, maana ndipo palipokuwa pazito kuliko pote. Bibi akalalamika kwamba anaota yuko porini.

Siku moja mama mdogo alimwambia kwamba wale wote tuliowaona ni majike, na wanazaa bila dume, tena wanazaa watoto ambao tayari wana mimba. Bibi aliacha kuchambua mchele.

"Astaghfirullah! Zuhura, hayo usimsomeshe mtoto."

Kwa muda wote wa mvua za vuli mama mdogo alitia alama mimea yake. Alichana mashati ya mitumba yasiyofaa, akafunga vitambaa vyekundu na vya bluu kwenye matawi, ili ajue pa kurudi. Na kila tuliporudi, vitambaa havipo. Wanawake waliokwenda kuni walivifungua, wakafungia mizigo yao, watoto wakavifanyia mpira. Mama mdogo alikaa chini ya mti mmoja akataka kulia. Bila alama hakuna mimea ya kuonyesha, na bila mimea hakuna kazi nyingine baada ya ile.

Ni katika siku hizo za kupoteza alama ndipo aliporudi nyumbani na tawi la mlimau.

"Mama, leo nimestaajabu," alisema akivua buti mlangoni. "Kule ndani kabisa, bondeni, nilikuwa nafuata sisimizi, nikaibukia kwenye mlimau."

"Mlimau wa nani?"

"Wa nani tena, mama, msituni? Umejaa vidukari weusi. Na hawa ninawajua, hawa ni wa milimau na michungwa, hawajakaa kwenye mti wowote wa pale jirani. Ule mti umepandwa na mtu."

Bibi alinyoosha mkono akalichukua lile tawi. Alilisugua jani moja kati ya vidole, akalinusa, akalinusa tena. Vidukari walimpanda mkononi na hakuwapangusa.

"Shina lake likoje?"

"Limegawanyika chini, pande mbili."

"Na jiwe la kusagia, lililovunjika?"

"Sikutazama mawe, mama. Nilitazama majani."

"Rudi ukatazame," Bibi akasema. Mchana ule hakula.

Mimi, kwa akili zangu, nikaamua kwamba Bibi ana hamu ya achari. Nilimwona akimuuliza mama mdogo juu ya mlimau asubuhi na jioni, uko upande gani, kutoka kwenye mfereji ni mbali kiasi gani, mtu mwenye magoti mabovu anaweza kufika? Nikajisemea, malimau si yapo hata gengeni kwa Mama Tabu? Kumbe jiwe lilikuwapo. Mama mdogo alirudi na habari hiyo, lakini mara iliyofuata hakuiona tena njia, kwa sababu vitambaa vyake vilikuwa vimeshafunguliwa. Ilimchukua muda kuupata tena mti. Bibi alimgombeza kama mtoto aliyevunja chungu.

"Unafunga na matambara ya rangi, nani atayaacha? Funga nyeupe. Nyeupe msituni hakuna mtu anaigusa."

Ni kweli. Kwetu kitambaa cheupe kikifungwa porini watu hudhani ni cha tambiko, hata mtoto mtukutu hukipitia mbali. Mama mdogo akajibu kwamba mitumba nyeupe hana.

Siku yenyewe nilitoka shule mchana. Nilianza kumwita Bibi tangu barabarani, kama kawaida yangu, na hakuitika mtu. Mlango wa uani ulikuwa umeegeshwa. Niliingia chumbani kwake nikiwa bado na mkoba begani, na pale mbele ya kitanda nikaliona sanduku la bati liko katikati ya chumba, kifuniko juu, wazi. Haikuwa Shaabani. Ndani mlikuwa na karafuu tu, zimetawanyika.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Bibi amekwenda. Alikuwa ameniambia, na sasa amekwenda, na wameshamchukua. Nilitoka mbio nikamkuta Mama Tabu anachambua dagaa barazani.

"Shikamoo Mama Tabu, Bibi yuko wapi?"

"Marahaba. Bibi yako? Wamekwenda msituni yeye na Zuhura. Tangu asubuhi. Mie mwenyewe nimeshangaa, magoti yale!"

Mimi nilishika neno "wamekwenda" tu, na maiti hazipelekwi msituni. Hilo hata mtoto analijua, na ndilo lililonitisha zaidi. Nilikimbia. Njia ya mwanzo niliijua, nilikuwa nimeipita na mama mdogo Jumamosi nyingi. Nilivuka mfereji, nikaupita mti uliotobolewa na mchwa, na pale ambapo siku zote tulikuwa tukigeukia kulia nikaona kitambaa cheupe kimefungwa kwenye tawi, kipya kabisa, kinang'aa. Nikakisogelea. Kilinuka udi na karafuu.

Nilipiga ukelele. Naukumbuka kwa sababu ndege waliruka. Nilijua ile nguo kama ninavyoijua sauti ya mama yangu, nilikuwa nimeifukuzia kuku miaka yote. Mbele kidogo kulikuwa na kingine, na mbele ya hicho kingine. Mtu alikuwa ameichana sanda ya Bibi vipande vipande akaifunga miti. Nilimfikiria mama mdogo na vichupa vyake na jinsi alivyotaka kulia kwa ajili ya alama, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Bibi amekufa, na huyu kamvua nguo akawavisha chawa!

Nilivifuata huku nikilia bila sauti. Njia ilishuka bondeni, mwanga ukapungua, majani ya chini yakaanza kuninata miguuni. Kisha nikasikia mtu anazungumza. Ilikuwa sauti ya Bibi. Nilisimama nyuma ya kichaka na kuchungulia kati ya majani, nikamwona amepiga magoti chini ya mti wenye matawi mawili makubwa, upande wa mgongo wake umenielekea. Alikuwa hai. Kabla sijafurahi, nikaona kilichokuwa mikononi mwake: bafta iliyobaki, imekunjwa vizuri, ndogo, ya kumtosha mtoto. Alikuwa anaitandika juu ya udongo.

"Mwanaidi," Bibi akasema, kwa sauti ambayo hajapata kuniitia. "Mwanaidi mwanangu. Nimekuja. Nimekuletea nguo yako."

Mwanaidi ni mimi.

Nilielewa, kwa ule uelewa wa mtoto usiohitaji sababu, kwamba aliyekufa ni mimi. Labda nilikufa shuleni. Labda ndiyo maana hakuna aliyeniitikia nyumbani. Pale chini ni pangu, na nguo ile imekatwa kwa kipimo changu, na Bibi anazungumza na mimi nikiwa chini mle. Nilitaka kukimbia. Lakini tulikuwa tumefundishwa, tena kwa kofi, kwamba mkubwa akikuita huachi kuitika, hata uwe unakula, hata uwe unaumwa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Abee, Bibi."

Bibi alitupa mikono juu. Hakugeuka. Alibaki hivyo, mikono hewani, kisha akasema polepole sana, "Mwanaidi?"

"Abee," nikasema tena.

Akainama. Aliinama mpaka chini, yule bibi ambaye magoti yake hayakumruhusu hata kusali bila kigoda, akalaza shavu lake juu ya ile bafta na kutega sikio kwenye udongo.

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile na nimeona mengi ya kushtusha, misiba na ajali na watu kubadilika. Hakuna kilichofikia kumwona Bibi akisikiliza ardhi.

Mama mdogo ndiye aliyetukatiza. Alitokea upande wa pili na brashi yake mkononi, akaniona. "We mtoto! Nani kakuleta huku?" Hapo Bibi aligeuza kichwa, akaniona na mimi, na sare yangu ya shule, na makamasi yangu. Ule uso wake nitausema kwa maneno machache kwa sababu bado unaniuma. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa kitu alichokiomba maisha yake yote, kisha akanyang'anywa palepale. Nikaanza kulia kwa sauti, nikamwomba asinizike.

Alinivuta akanipakata. Kwa muda alinisugua mgongo tu, akisema, "Hai, hai, uko hai mama, uko hai." Baadaye, mapigo ya moyo yalipotulia, ya kwake na ya kwangu, akaniambia. Pale palikuwa nyumbani kwake, kabla watu hawajaambiwa wasogee wote barabarani, Zuhura akiwa bado mgongoni. Mama yangu si mtoto wake wa kwanza, kama nilivyokuwa nikidhani. Wa kwanza alikuwa binti, alizaliwa siku ya Idi wakati wa vita vya Wazungu, akafa kwa homa akiwa bado wa kubebwa. Miaka ile nguo haikuwako, si ya walio hai wala ya wafu. Alizikwa na kipande cha kaniki ya Bibi mwenyewe, kuukuu, kilichotoboka. Bibi akapanda mlimau kichwani pake. Walipohama aliendelea kuja, mpaka njia ikafungwa na msitu, na babu aliyepajua mahali akafa, na yeye akaja peke yake akapotea, akarudi tena akapotea.

"Huyu ni somo yako," aliniambia. "Ulipozaliwa nilimwomba mama yako jina tu. Sikumwomba kitu kingine."

Kumbe miaka yote ile nilidhani niliitwa Mwanaidi kwa sababu na mimi nilizaliwa Idi. Sikuwa nimezaliwa Idi. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, nilijitungia mwenyewe.

Mama mdogo alikuwa amesimama akiitazama ile bafta. Naye, nilikuja kujua, alikuwa ameyasikia yote kwa mara ya kwanza pale pale, kwani asubuhi Bibi alikuwa amelitoa sanduku na kuanza kuichana nguo mbele yake bila kujibu swali lolote.

"Mama," akasema, "na wewe sasa tutakuzika na nini?"

"Siku hizi bafta si imejaa kila duka? Nyie mtaninunulia. Mie ninao nyie." Bibi alikuwa anazinyoosha pembe za kile kitambaa na kuzikandamiza kwa vijiwe. "Huyu alikuwa na mie tu, na mie sikuwa na nguo."

Juu yetu tawi changa lilikuwa jeusi kwa vidukari. Mama mdogo aliinua brashi, kwa mazoea ya kazi, na kichupa kikiwa wazi mkono wa pili. Bibi akaushika mkono wake.

"Hawa waache."

"Nachukua wachache tu, mama, wa kuonyesha."

"Waache, Zuhura. Sie wote tulihama. Hawa ndio waliokaa naye."

Mama mdogo alikifunga kile kichupa kikiwa kitupu. Watafiti walipokuja aliwaonyesha mimea yake yote, alama nyeupe zikiwa pale pale, hakuna mtu aliyezigusa, na alipata kazi nyingine baada ya ile. Bondeni hakuwapeleka. Alikaa na siri hiyo hadi mwezi uliopita, na nilipokuwa nimekaa kwenye kiti cha yule muuza duka nilitambua kwamba sasa njia ya mlimau ninaijua mimi peke yangu. Nikasimama nikamwambia kijana aendelee kuchana, na aniongezee mkono mmoja wa kitambaa, wa alama za njia ile.

Siku ile, kabla hatujaondoka, Bibi aliniweka chini ya mlimau, pembeni ya kile kitambaa. Alinifuta uso kwa upindo wa khanga. Mikono yake ilinata asali ya vidukari.

"Mwenzio alikufa hajajua kuitika," akasema. "Nitamwita mara moja tu. Wewe uitike badala yake."

Akarudi hatua chache, akajiweka sawa, akaita.

"Mwanaidi!"

"Abee, mama," nikasema.